Urbain Mwepu Kalembwe, Aliyechora Tanuru la Mukuba

Urbain Mwepu Kalembwe. Mwana wa Barnabé Kalembwe, aliyelaza mataruma ya reli hata mvua ilipokuwa inanyesha siku saba bila kukatika. Mjukuu wa Mulumbu, aliyejenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, akapika jiwe la kijani mpaka likatoa mukuba, ile shaba nyekundu ambayo kwayo watu waliposa wake na kumaliza vita. Kitukuu wa Kapapa, aliyekuja na mivukuto ya ngozi mgongoni akitafuta mlima wenye maua ya mukuba, akaupata. Na yeye mwenyewe Urbain, aliyechukua kazi ya hao wote akaiweka kwenye picha, ili watu wa mji huu wasiseme kwamba mukuba ulianza siku treni ilipofika.

Katika karatasi za mji, tangu mwaka 1972 Serikali ilipokataza majina ya kizungu, aliandikwa Mwepu Kalembwe tu, kama sisi wote tulivyoandikwa. Lakini nyumbani na kanisani alibaki Urbain, na leo tunamzika na majina yake yote.

Alizaliwa hapa Likasi, wakati ule mji ukiitwa Jadotville, siku ya Alhamisi tarehe 22 Mei 1930, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho. Alibatizwa Jumapili iliyofuata, tarehe 25, sikukuu ya Mtakatifu Urbain, kwa hiyo jina halikutafutwa. Mama yetu aliniambia mimi, dada yake mkubwa, kwamba mtoto huyu hakulia sana, aliangalia tu. Akiwa na miaka mitatu alichukua mkaa jikoni, akachora ukutani mbuzi wa jirani, na mbuzi yule alikuwa na ndevu za baba yetu. Baba alitaka kumchapa, akaangalia ukuta tena, akaenda kuita majirani.

Shule aliianza mwaka 1937 kwa mapadri, akamaliza mwaka wa sita mwezi wa Julai 1943. Hesabu alijua, kuandika alijua, lakini daftari zake zilirudi nyumbani zikiwa na watu kando ya kila ukurasa: watu wanaolima, watu wanaofua, mwalimu mwenyewe akipiga chafya. Katekisimu yake ilikuwa na malaika wenye chale za Wasanga, kabila letu, mashavuni. Padri alipoiona alimuuliza ni nani amemwambia malaika ni Wasanga. Urbain akajibu, "Mon père, na nani alikuambia haiko Wasanga?" Akapigwa viboko vitatu. Padri aliichukua katekisimu ile na hakuirudisha, na miaka mingi baadaye tukasikia aliondoka nayo kwenda kwao Ulaya.

Tarehe 4 Machi 1946 aliingia kazini, katika karakana ya rangi ya kampuni ya mukuba, na huko alifanya miaka thelathini na sita. Aliandika namba za mabehewa. Alichora mishale ya njia. Alichora mafuvu ya hatari penye umeme na penye asidi. Mafuvu yake yalikuwa na uso wa mtu anayekumbuka jambo zuri, hata wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakawa wanayasalimia: "Muzee, ulilala muzuri?" Mkuu wake wa kazi alimwambia ayakasirishe kidogo. Urbain alijaribu. Hakuweza. Mwishowe walimpa mtu mwingine kazi ya mafuvu, yeye akabaki na mabehewa.

Siku ya Jumamosi tarehe 15 Septemba 1951 alifunga ndoa na Henriette Kisimba, binti wa wakulima wa Buluo. Alikuwa akienda kwao kwa baiskeli kila Jumapili, akidai anatafuta udongo mweupe, ile pemba, kwa ajili ya rangi zake. Baba yake Henriette, baada ya miezi minne, alimuuliza: "Mwana, ile udongo yote unaipeleka wapi? Mulima yetu inaisha!" Urbain akasema sasa hataki udongo tena, anataka binti. Mungu aliwapa watoto watatu wa kike: Simone, Colette na Clémentine. Watu walimwuliza lini atapata mwana wa kiume. Alijibu kwamba nyumba yake imejaa.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane, kwa sababu ndiyo iliyomfurahisha na ndiyo iliyomnyima raha.

Mwaka 1967, ule ule ambao kampuni ilipita mikononi mwa Serikali, kila mtu alikuwa anazungumza mukuba ni wa nani. Urbain alikuja kwangu, akaketi, akala bukari, ule ugali wetu, na samaki wa mto Lufira, akasema, akiniita Yaya kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa: "Yaya, bote banasema mukuba ni yao. Hakuna anamutaja kambo Mulumbu." Tangu siku hiyo akataka jambo moja tu. Alitaka kuchora tanuru la babu yetu lote, toka kichuguu kinapobomolewa mpaka mukuba unapotoka, picha saba, bila kuacha kitu, kabla wanaojua hawajaisha. Alifua mifuko ya unga, akaishona pamoja, akainyoosha juu ya mbao. Rangi ya kijani aliipata kwa kusaga lile jiwe lenyewe la mukuba. Nyekundu aliitoa kwenye kichuguu. Nyeupe ilikuwa pemba ya Buluo. Alisema tanuru lijichore kwa mwili wake lenyewe.

Wateja walikuja nyumbani kwake Kikula wakitaka mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, wamtundike sebuleni. Aliwachorea, maana watoto walipaswa kula. Halafu aligeuza mbao upande wa pili na kurudi kwa babu yetu.

Katika wanaojua alikuwa amebaki mmoja. Ni baba yetu mdogo, Stanislas Kapapa, aliyeishi Kamatanda. Mwaka 1903, kwenye tanuru la mwisho la Mulumbu, Stanislas alikuwa mtoto wa miaka kumi, akivuta mvukuto. Mambo ya tanuru ni ya siri. Wapikaji walilala porini mbali na wake zao. Hawakugombana wala kuapa. Tanuru lenyewe lilikuwa mwanamke, lenye matiti ya udongo, lenye tumbo, na kazi yote ile ilikuwa uzazi. Mambo haya hayakusemwa mbele ya mtu asiyeingizwa katika siri hiyo. Baba yetu Barnabé hakuingizwa, alikwenda relini mapema. Kidogo alichokijua alikisikia pembeni, na kidogo hicho ndicho alichompa Urbain.

Stanislas alipopata habari kwamba mambo ya tanuru yamechorwa kwenye mifuko ya unga, mwaka 1968, alituma neno moja: hataki kumwona Urbain tena. Kwa miaka sita hakukanyaga Kikula. Kwenye matanga ya baba yetu, mwaka 1971, alishika mkono wa kila mtu mstarini, akafika kwa Urbain, akapita, akashika mkono wa anayefuata. Watu waliona. Urbain alibaki ameunyoosha mkono wake. Wengi wa ukoo walimfuata mzee, wakaacha kula nyumbani kwake. Henriette alipika bukari ya watu kumi, wakaja wawili, mimi na mume wangu.

Hakuacha kuchora. Lakini alikonda. Aliniambia: "Yaya, kama namaliza bila yeye, nimeiba. Kama naacha, kambo anakufa mara ya pili."

Mwezi wa Julai 1974 mabwana wa mji, ambao siku zile walipenda sana mambo ya mababu, walimpa ukumbi wa kuonyeshea picha. Zilikuwa sita. Siku ya tatu, saa tano ya asubuhi, mlangoni akasimama mzee mwenye fimbo, amevaa koti la misa, viatu vimejaa vumbi, maana alitoka Kamatanda kwa miguu. Sisi wa ukoo tulijua ni fimbo imekuja. Stanislas alipita picha ya kwanza, ya pili, bila neno. Mbele ya picha ya sita alisimama. Pale Urbain alimchora Mulumbu mbele ya mdomo wa tanuru, amesimama, mikono wazi, anaangalia mukuba unatoka kama moto wa kijani.

Mzee akapiga chini kwa fimbo.

"Ni nani alikuambia Mulumbu alisimama vile? Kifua inje, sawa mupolisi?"

Urbain akasema, "Baba mudogo, hakuna mwenye aliniambia."

"Njo vile naona! Weye unaiba bintu ya nyumba, na haujue hata kuiba muzuri! Mwanaume haangaliake mwanamuke anazaa. Tanuru ikifungua, banaume bote banageuka mugongo. Bote! Mulumbu wa kwanza. Hii umechora ni haya. Umemufanya baba yangu muntu bila adabu, na bantu banakuja kumuangalia!"

"Basi unifundishe."

"Nikufundishe? Minye?" Mzee aliangalia ukumbi mzima, akatuangalia sisi, akaangalia tena ile picha, kwa hasira ya mtu anayeona kitu kimekosewa. "Kwanza, kiti iko wapi?"

Henriette alikimbia kuleta kiti. Hapo ndipo miaka sita iliisha. Stanislas aliketi, akatoa makosa kumi na moja katika picha sita, akihesabu kwa vidole, na alipofika kwenye mvukuto alisema hata mbuzi asingekubali ngozi yake ishonwe vile. Urbain aliandika yote nyuma ya karatasi ya mwaliko. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, mzee alipanda teksi-basi kutoka Kamatanda hadi Kikula, akaketi, akala, akakosoa. Urbain alizifuta picha zote sita, akazichora upya. Ilimchukua miaka minne. Katika ile ya sita sasa wanaume wote wamegeuka mgongo kwa tanuru, na Mulumbu amefumba macho. Mtu akiitazama, anaona mara moja kwamba nyuma yao kuna jambo kubwa.

Na hapo ndipo swali lilipotoka. Urbain aliliuliza siku moja mwaka 1978, mimi nikiwa nachambua sombe, yale majani ya muhogo, barazani na kusikia kila neno.

"Baba mudogo, kama banaume bote baligeuka, ni nani alipokea mukuba?"

Mzee alikula matonge mawili ya bukari kabla ya kujibu.

"Yaya yake Mulumbu. Mwadi."

"Mwanamuke? Mais ninyi munasemaka mwanamuke hafikake pale!"

"Tunasemaka. Bote tulijua iko pale, mwanamuke mwenye amekwisha kuzaa, mwenye hazaake tena. Hakuna mwenye alisema. Banaume bapike mwezi muzima, halafu mukuba ushikwe na mwanamuke? Tulinyamaza."

"Alifanya nini?"

Mzee akaangalia mlango, kama baba yake angeweza kuingia. "Nilikuwa mutoto. Niligeuka." Alisukuma sahani kando. "Niliangalia, Urbain. Miaka makumi saba na tano sijaambia muntu, hata padri. Alipiga magoti. Alipaka pemba kwa tumbo ya tanuru. Akaiambia, 'Pole, mama.' Vile banaambiaka mwanamuke kitandani. Halafu njo akashika mukuba."

Basi tukajua kwa nini alikasirika miaka ile sita. Aliogopa kwamba picha zitafika mahali ambapo yeye alifanya kosa. Urbain alimshika mkono, na mzee hakuutoa.

Picha ya saba ilikuwa hiyo: Mwadi akipokea mukuba. Lakini Stanislas alimkatalia. Mwanaume haangalii mahali pale, alisema, na kuchora ni kuangalia, tena kuangalia siku nyingi. "Minye niliangalia mara moja, na unaona vile nimezeeka nayo." Mzee akafa tarehe 2 Agosti 1981, wakiwa wamepatana kabisa, na katazo lile hakuliondoa.

Urbain alitafuta njia. Siku moja mwaka 1983, akiwa amekwisha kupewa pensheni, Henriette alimkuta ameketi mgongo kwa turubai, mkono umepita nyuma ya bega, burashi inatafuta yenyewe.

"Baba Simone! Unafanya nini?"

"Nachora bila kuangalia."

"Unachora ukuta! Na shati yangu yenye natoka kufua!"

Alicheka, lakini alioga, akavaa shati lingine, akaigeuzia ukutani ile mbao. Ilibaki nyeupe. Wageni kutoka Lubumbashi walikuja kuangalia zile sita, wakazisifu, wakauliza ya saba iko wapi. Alisema inakuja. Kwangu alisema kwamba tanuru bila Mwadi ni uongo ule ule wa wanaume, umepakwa rangi tu.

Tarehe 17 Januari 1986, siku ya Ijumaa asubuhi, alianguka akiosha burashi. Upande wake wa kuume ulilala, mkono na mguu. Maneno yalirudi baada ya wiki tatu, mkono haukurudi. Alijaribu wa kushoto: alichora kuku, akasema kuku huyu anaumwa kuliko mimi. Henriette hakuondoka kando yake. Colette, ambaye anaandika mabango ya maduka hapa Kikula na ambaye tangu utoto alisaga rangi za baba yake, alikuja kila siku baada ya kazi kumnyoa na kumpa habari za mji. Mwisho wa Mei alihamishiwa hospitalini. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 1986, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kupokea sakramenti. Henriette alimshika mkono ule ulio hai.

Anaacha mjane, Henriette Kisimba. Binti zake Simone, Colette na Clémentine, na wakwe zake wawili. Wajukuu saba, ambao kila mmoja anazo picha zake akiwa amelala, maana alisema mtoto aliyeamka hachoreki. Dada yake mkubwa, anayesoma maneno haya, wa mwisho kubaki katika watoto watano wa Barnabé. Binamu yake François Kapapa, mwana wa Stanislas, ambaye leo ndiye mkubwa wa ukoo. Na mafundi rangi wote wa karakana, ambao tunawaona pale wamesimama na kofia mikononi. Mungu ampokee Urbain kwa upole ule ule aliowachorea watu wake, na udongo wa Likasi, ambao aliutumia vizuri, umlalie mwepesi.

Sijamaliza. Siku ya Jumamosi, siku mbili kabla ya kufa, alituita hospitalini watu wanne: Henriette, Colette, François na mimi. Aliagiza yatakayosemwa pale yasomwe kaburini mbele ya ukoo wote, mtu asije akasema hakusikia. Nimeyashika kama alivyoyasema.

Alimwambia Colette achore ile ya saba.

François akasema kwa heshima, "Kaka, unajua. Tanuru ni ya banaume. Baba yangu alikatala."

"Baba yako alikatala mwanaume aangalie. Colette ni mwanaume?"

François akamwangalia Colette.

"Jibu, mukubwa wa ukoo. Kule kwa Mulumbu, ni nani alikuwa na ruhusa ya kuangalia?"

"Mwanamuke," akasema François, polepole. "Mais mwanamuke mwenye amekwisha kuzaa, mwenye hazaake tena."

Colette alikuwa anamfuta baba yake uso. Ana miaka thelathini na moja na watoto wawili, na alisema: "Papa, minye ningali na nguvu ya kuzaa. Na sijamuona ule mama. Alikufa mbele nizaliwe. Nitachora sura ya nani?"

Urbain aligeuza kichwa kwangu. Kambo Mwadi alikufa mwaka 1934, mimi nikiwa na miaka kumi, nikilala kwenye mkeka wake. Yeye alikuwa na miaka minne tu, hakukumbuka kitu.

"Yaya iko na ile sura. Yaya amekwisha kuzaa, njo ataangalia wa kwanza, atakuambia. Mutakaa bawili. Weye utashika burashi, yeye atasema: pua haiko vile, mudomo haiko vile. Atakuchokesha, najua dada yangu." Tulicheka sote, hata François. "Weye François, siku banachora utakaa kwa mulango, mugongo ndani, usiache mwanaume apite, hata padri. Ile njo kazi yako. Unaitika?"

François akaitika. Aliitika mbele yangu, na namwona pale, anaitika tena.

Halafu Urbain akamwambia binti yake: "Usiharakishe. Usage jiwe muzuri, usiache mchanga ndani. Fanya mikono yake mikubwa, alikuwa mwanamuke wa kazi. Ukimaliza, utundike zote saba mahali moja, zisiachane. Na kwa ile ya mwisho, chini, uandike jina yako, Colette. Hapana yangu."